Dirisha Moja, Wateja Wengi

Kila mkaaji wa Tunduma ayajua malori yasimamayo mpakani, yakienda Zambia na Kongo au yakirudi Dar es Salaam. Zamani dereva alikaguliwa upande wetu, kisha akakaguliwa tena upande wa Nakonde. Oktoba 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja, ambapo maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Hata hivyo, dirisha lenye karani mmoja tu halikosi foleni. Jambo hilo hilo huzipata kompyuta, nalo ndilo nipendalo kulieleza hapa.

Kompyuta itoayo huduma kwa nyingine huitwa seva. Ukituma pesa kwa simu, au wakala wa forodha akipeleka hati zake kwa mtandao, seva ndiyo ipokeayo. Ili programu mbili zizungumze, kila moja hufungua soketi, yaani ncha yake ya mazungumzo. Soketi hujulikana kwa anwani ya kompyuta pamoja na namba ya mlango. Anwani ni kama jina la jengo, na namba ni kama namba ya dirisha. Namba hizo hufika 65,535, na kurasa za intaneti zilizofungwa kwa siri hutumia namba 443. Soketi za namna hii zilitolewa mwaka 1983 na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nazo zingali zikitumika hata leo.

Seva hufungua soketi moja ya kusikiliza tu, mfano wa mtu akaaye mlangoni. Mteja akibisha, seva humkubali na kumpa soketi mpya iliyo yake peke yake. Ile ya kwanza hurudi kusikiliza.

Sasa tazameni shida iliyopo. Tuseme mteja wa kwanza yuko mahali penye mtandao hafifu, maneno yake yanafika polepole. Kama seva ina mfanyakazi mmoja, itamngoja huyo mpaka amalize, na wengine mia watasimama nyuma yake bila kosa lolote. Dawa yake ni thredi, neno lenye maana ya uzi. Thredi ni mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu, na programu moja yaweza kuwa na nyingi. Kila mteja hupewa thredi yake. Mmoja akichelewa, wenzake huendelea.

Lakini yafaa tukumbuke kwamba thredi zote hutumia kumbukumbu moja, kama makarani wengi wenye daftari moja. Tuseme akiba ya mwanafunzi ni shilingi 100,000. Mama yake aliye Vwawa atuma 20,000, na wakati ule ule mjomba wake aliye Tunduma atuma 30,000. Thredi ya kwanza yasoma 100,000. Kabla haijaandika, ya pili nayo yasoma 100,000. Ya kwanza yaandika 120,000. Ya pili yaandika 130,000 juu yake. Jumla ilipasa kuwa 150,000. Shilingi 20,000 za mama zimepotea, wala hapakuwa na mwizi!

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa hiyo watengenezaji wa programu huweka kufuli. Thredi itakayo kugusa daftari hulishika kufuli kwanza, husoma, huongeza, huandika, kisha huliachia. Nyingine hungoja zamu yake.

Wanafunzi wa kompyuta waweza kulijaribu jambo hili kwa mashine moja tu, kwa anwani 127.0.0.1, ambayo kwayo kompyuta hujisemesha yenyewe. Andikeni seva ambayo kila thredi yake husoma jumla, hungoja sehemu ya kumi ya sekunde, kisha huandika jumla ile ikiwa imeongezwa 1,000. Anzeni na sifuri, mkawaachie wateja 50 waingie pamoja. Pasipo kufuli kazi itakwisha upesi, lakini hesabu itapungua 50,000. Mkilishika kufuli tangu kusoma hata kuandika, mtapata 50,000 kamili, ila mtangoja sekunde 5 au zaidi, kwa sababu wote wamerudi katika foleni.

Hapo ndipo penye fundisho. Kufuli lishikwe kwa muda mfupi iwezekanavyo, wakati wa kugusa daftari tu. Kumngoja mteja mwenye mtandao hafifu kufanyike nje ya kufuli. Wala thredi zisizidishwe ovyo, maana kila moja hula kumbukumbu. Seva nyingi huweka kikosi cha thredi chache, zikapokezana wateja.

Basi, kuongeza makarani hupunguza foleni, lakini anayelinda pesa ya mama yule ni yule aliyekumbuka kufuli. Vijana wa Songwe watakaoandika programu za mpaka huu na walikumbuke hilo.