Ukuta Mweupe wa Tulia: Lipa Fundi Hatua kwa Hatua

Mteja wetu mmoja wa Tulia, Kaunti ya Kitui, ana studio ya picha kwenye chumba cha kupanga. Kwa miaka mingi picha za pasipoti ndizo zilizomlipia kodi. Siku hizi kuna kazi nyingine: wauzaji wa vyondo na asali wanaouza mtandaoni wanataka picha ambayo nyuma ni peupe kabisa, bidhaa ionekane peke yake. Shida ilikuwa pale chini. Ukuta ukikutana na sakafu unaacha mstari, na huo mstari unatokea kwenye kila picha, hata upake rangi nyeupe namna gani.

Dawa yake inaitwa saiklorama. Ni ukuta usioishia kwenye kona: unateremka kwa mviringo, kama ndani ya beseni, mpaka unageuka kuwa sakafu. Kamera haioni mwisho wa ukuta wala mwanzo wa sakafu.

Kupamba nyuma ya mteja si jambo geni kwetu. Miaka ya 1990, wapiga picha wa pale kivuko cha Likoni, Mombasa, walikuwa na vibanda vilivyopambwa kwa picha za meli na ndege, na msafiri aliondoka na kumbukumbu ya safari ambayo hakuifanya. Mteja wa leo anataka kinyume chake: nyuma yake kusiwe na kitu.

Pesa za kwanza zilipotea

Mama huyu alikopa kwenye chama chake, akaona mtandaoni tangazo la saiklorama ya vipande, bei nafuu, "inaletwa hadi mlangoni". Muuzaji akataka alipwe pesa zote kwanza. Alipoandika namba, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mtu binafsi, si la duka.

"Niliona jina," alituambia. "Nikafikiria labda ni mfanyakazi wao. Nikaweka PIN."

Kesho yake ile namba ilikuwa imezimwa. Mkopo wa chama ulibaki pale pale, na riba yake.

Tunasimulia hili kwa ruhusa yake, kwa sababu jina linalotokea kabla ya kuweka PIN ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kusimama. Likitofautiana na unayemjua, usitume. Piga simu kwanza, uliza.

Mara ya pili: kipande kwa kipande

Baada ya miezi kadhaa alipata fundi wa mbao wa karibu. Walikubaliana ukuta utengenezwe kwa vipande vinavyofungwa kwa skrubu, maana chumba ni cha kupanga. Mwenye nyumba akitaka chumba chake, ukuta unafunguliwa na kuhama na mwenyewe.

Hesabu yao ilikuwa hivi. Ukuta una upana wa futi 12. Plaiwudi inauzwa futi 8 kwa 4, kwa hivyo vipande vitatu vya futi 4 vinatosha. Mviringo unaanza futi 2 juu ya sakafu na kutokeza futi 2 mbele. Ubao wa kufunika mviringo huo unahitaji urefu wa kama futi 3 na inchi 2, kwa hivyo plaiwudi moja nyembamba ya milimita 3 inatoa miviringo miwili. Kwa vipande vitatu, nunua plaiwudi mbili, si tatu. Hesabu kama hiyo uifanye kabla ya kwenda hadiwea.

Malipo waliyagawa sehemu mbili. Vifaa alilipa mwenyewe moja kwa moja kwenye till ya hadiwea, akabaki na ujumbe wa malipo na risiti. Ufundi waliugawa mara nne:

1. Kupima na usafiri. Fundi anaweka pimamaji ukutani na sakafuni, anaandika vipimo vyote.
2. Mifupa. Mbavu za plaiwudi nene, zilizokatwa kwa mviringo mmoja, zinasimamishwa kila baada ya futi moja.
3. Kufunga. Vipande vyote vinapangwa kwanza bila skrubu ili kuona kama vinakaa. Vikikaa ndipo vinafungwa ukutani, kwa skrubu na plagi zake za plastiki.
4. Fila, msasa na rangi. Viungo vinajazwa, vinapigwa msasa mpaka kiganja kisihisi mstari, kisha andakoti na rangi nyeupe isiyong'aa. Rangi inayong'aa hurudisha mwanga kwenye kamera.

Hatua ya tatu ndiyo iliyowapa kazi. Walipopanga vipande, kati ya cha pili na cha tatu kulikuwa na mwanya wa kuingiza kidole. Ukuta wa mawe ulikuwa umeinama kidogo.

"Mwaitu, fila itaficha," fundi akasema.

"Fundi, fila itapasuka. Wacha tuweke vibao nyuma."

Hawakugombana. Pesa ya hatua ya tatu ilikuwa bado kwenye simu ya mama, na fundi alijua ataipata siku hiyo hiyo kazi ikikaa. Akachonga vibao vyembamba, akavisukuma nyuma ya kipande cha tatu, mwanya ukafungika. Saa kumi jioni simu yake ikalia: pesa imeingia.

Kwa sababu mpango huu unamlinda fundi pia. Ana nauli, ana msaidizi wa kulipa. Hatua ikiisha vizuri, mlipe papo hapo, usimwambie "njoo kesho".

Malipo ya mwisho yalingoja picha. Rangi ilipokauka, mama aliwasha taa, akaweka kiondo katikati, akapiga. Wakakuza picha kwenye simu, wakatafuta mstari. Haukuwepo. Akalipa.

Kabla hujalipa kazi yoyote kubwa

- Andikianeni hatua na bei ya kila hatua, hata kama ni kwa meseji tu.
- Vifaa lipa dukani, ufundi lipa kwa fundi. Usichanganye.
- Soma jina kabla ya PIN, kila mara, hata kwa namba uliyowahi kutumia.
- Usifute ujumbe wa malipo. Mkibishana, huo ndio ushahidi wako.
- Ukikosea namba, omba kurudishiwa mara moja. Mpokeaji akishazitoa, kuzirudisha ni vigumu.
- Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN. Anayeuliza ni mwizi.

Ukuta wa Tulia una sheria moja tu: hakuna kukanyaga mviringo, utapasuka. Mama ameandika hivyo kwenye karatasi mlangoni. Mkopo wa chama bado anaulipa, kidogo kidogo kila mwezi, na safari hii ni kwa pesa za vyondo na asali za watu wengine.