Una barua mbili za chuo, Makerere na Mbarara: utaamuaje?

Umefaulu mtihani, umeomba nafasi, na sasa una barua mbili mkononi. Moja ni ya Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Nyingine ni ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, ambacho wengi hukiita MUST. Hongera sana. Si wengi wanaofika hapo. Lengo la UNHCR na washirika wake ni kwamba ifikapo mwaka 2030, asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe katika elimu ya juu, na safari ya kufika huko bado ni ndefu.

Lakini kila barua ina tarehe ya mwisho ya kujisajili, na nyumbani kila mtu ana lake la kusema. Mjomba anasema Makerere ni Makerere. Mama anauliza kodi ya chumba italipwa na nani. Rafiki aliyeko Kampala anakuambia njoo tu, tutajua mbele ya safari.

Makala hii inakusaidia kupima mwenyewe. Imeandikwa kwa wakimbizi wanaoishi Nakivale, Oruchinga na makazi mengine ya Uganda, na pia kwa vijana wa jamii wenyeji katika wilaya ya Isingiro na jirani zake. Jambo kuu la kushika ni hili: chuo bora kwako ni kile utakachoweza kusoma mpaka mwisho. Miaka miwili ya chuo chenye jina kubwa, bila shahada, haikupi kazi na haikurudishii pesa.

Vyuo hivi viwili ni vya aina gani?

Vyote viwili ni vyuo vya umma, na shahada zao zina heshima. Huchagui kati ya kizuri na kibaya.

Makerere ni chuo kikongwe zaidi Uganda. Kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, kikawa chuo kikuu cha taifa mwaka 1970. Kabla ya hapo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Julius Nyerere, Benjamin Mkapa na Mwai Kibaki walisoma hapo. Bweni lake moja lina jina la Patrice Lumumba. Makerere ina masomo ya kila aina: udaktari, sheria, uhandisi, kilimo, ualimu, biashara, sayansi ya jamii na mengine mengi.

MUST ilianzishwa mwaka 1989 na ilianza na masomo ya udaktari. Iko jirani na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, ambako wanafunzi wa afya hufanya mazoezi. Baadaye iliongeza sayansi, kompyuta, uhandisi, biashara na masomo ya maendeleo ya jamii. Ni chuo kidogo kuliko Makerere, na uzito wake uko kwenye sayansi na afya.

Kwa umbali, Nakivale iko kama kilomita 60 kutoka mji wa Mbarara. Kutoka Mbarara hadi Kampala ni kama kilomita 270 zaidi. Hata ukichagua Mbarara, hutaweza kulala nyumbani na kwenda darasani kila siku. Lakini unaweza kurudi mwisho wa wiki, na mzazi akiugua unafika siku hiyo hiyo.

Je, jina la chuo lina uzito gani?

Lina uzito, lakini si sawa kwa kila somo.

Kuna kazi ambazo huwezi kuzifanya bila kusajiliwa na baraza la taaluma. Daktari ni mfano mzuri. Udaktari husomwa miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo hospitalini, kisha unasajiliwa na baraza la madaktari. Anayetoka Makerere na anayetoka Mbarara wanapita mlango huo huo na kupewa leseni ile ile. Kama barua zako zote mbili ni za udaktari, jina la chuo lisikunyime usingizi. Angalia gharama na mahali utakapoishi.

Sheria ni tofauti kidogo. Baada ya shahada, anayetaka kuwa wakili husoma tena katika Law Development Centre. Kama ndoto yako ni uwakili, jumlisha na mwaka huo kwenye hesabu yako tangu leo.

Katika biashara, uandishi wa habari au sayansi ya jamii hakuna leseni inayowasawazisha wahitimu. Hapo jina la chuo na watu unaofahamiana nao husaidia zaidi. Kampala ndiko kwenye makao makuu ya benki, wizara, vyombo vya habari na mashirika mengi, na nafasi za mafunzo kwa vitendo ni nyingi huko. Kama una uhakika wa fedha, hiyo ni sababu halali ya kuchagua Makerere.

Pia soma barua vizuri. Wakati mwingine chuo kimoja kimekupa somo uliloliomba kwanza, na kingine kimekupa somo la tatu au la nne. Usikubali somo usilolitaka kwa sababu tu ya jina lililo juu ya barua. Utaishi na somo hilo miaka mingi kuliko utakavyoishi chuoni.

Je, masomo haya yameidhinishwa?

Nchini Uganda kila programu ya shahada inatakiwa iwe imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Mwaka 2023 kulikuwa na mjadala mkubwa baada ya kuonekana kwamba programu nyingi za vyuo mbalimbali, vikongwe vikiwemo, zilikuwa zimepita muda wake wa kufanyiwa mapitio. NCHE ilieleza kwamba waliokwisha soma programu hizo shahada zao ni halali. Hata hivyo funzo ni kwamba usiulize habari za chuo peke yake, uliza pia habari za somo lako. Orodha iko kwenye tovuti ya NCHE.

Nitapigaje hesabu ya gharama?

Kosa la kawaida ni kulinganisha ada ya muhula wa kwanza tu. Piga hesabu ya miaka yote. Tuchukue mfano wa shahada ya miaka 4. Namba hizi ni za kuonyesha njia tu, si ada halisi za chuo chochote.

Ada ya masomo: shilingi 1,500,000 kwa muhula. Mihula 8 ni 12,000,000.
Ada nyingine za lazima kama usajili, maktaba na mitihani: 800,000 kwa mwaka. Miaka 4 ni 3,200,000.
Chumba, chakula na usafiri Kampala: tuseme 350,000 kwa mwezi, miezi 9 kwa mwaka. Miaka 4 ni 12,600,000.
Jumla: 27,800,000.

Sasa weka mji ambao maisha ni nafuu, tuseme 220,000 kwa mwezi, ada zikiwa zile zile. Maisha ya miaka 4 yanakuwa 7,920,000, na jumla inashuka hadi 23,120,000. Tofauti ni shilingi 4,680,000. Hiyo ni zaidi ya ada ya mihula 3, na imetokana na chumba na chakula peke yake.

Chukua karatasi ya ada iliyoambatana na kila barua, uweke namba za kweli. Ongeza kompyuta, vifaa vya somo lako, na mafunzo kwa vitendo ambayo mara nyingi hufanyika wakati wa likizo, wakati ambao familia inategemea urudi kusaidia shambani. Kisha keti na wazazi au walezi na mwulizane: mwaka wa tatu, pesa itatoka wapi? Kama hakuna jibu, bora mjue leo.

Je, mkimbizi analipa ada ya mwenyeji au ya mgeni?

Swali hili linaweza kubadilisha hesabu yote. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki sawa na raia katika elimu ya msingi. Kwa elimu ya juu, inataka asitendewe chini ya wageni wengine walio katika hali kama yake. Kwa hiyo usidhani tu kwamba utalipa kama raia.

Nchi kama Kongo, Burundi, Rwanda na Sudan Kusini ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kongo ilijiunga mwaka 2022. Uliza ofisi ya udahili ya kila chuo: mwanafunzi wa Jumuiya analipa kiasi gani, na mwenye kitambulisho cha mkimbizi analipa kiasi gani? Omba jibu kwa maandishi. Maneno ya mdomo hayatakusaidia mbele ya ofisi ya fedha.

Kama nina ufadhili, au natarajia kuupata?

Uliza kwanza kama ufadhili unakufuata wewe au umefungwa kwenye chuo kimoja. Ufadhili wa DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani na kusimamiwa na UNHCR, ni kwa wakimbizi wanaosoma shahada ya kwanza katika nchi iliyowapokea. Husaidia ada pamoja na gharama za maisha. Programu ya Mastercard Foundation iliyoko Makerere ni ya wanaosoma Makerere. Ukiipata halafu ukaenda Mbarara, haitakufuata.

Ufadhili ulioandikwa na kusainiwa ni tofauti na ufadhili unaotarajiwa. Ukiwa na barua ya ufadhili kamili wa Makerere, usiogope Kampala kwa sababu ya gharama. Nenda. Lakini usianze chuo cha gharama kubwa kwa matumaini kwamba mfadhili atapatikana ukiwa ndani. Wengi huishia kuzuiwa kufanya mitihani kwa sababu ya deni.

Kumbuka: kuomba ufadhili ni bure. Anayekudai pesa ili "akupitishie jina" ni tapeli, hata kama anavaa kitambulisho cha shirika.

Cheti changu ni cha Kongo au Burundi. Je, kuna tatizo?

Cheti cha sekondari kutoka nje, kama Diploma ya Serikali ya Kongo au ya Burundi, kinapaswa kulinganishwa na cheti cha Uganda na Baraza la Mitihani, UNEB. Cheti cha baada ya sekondari hulinganishwa na NCHE. Kilicho kwa Kifaransa hutafsiriwa kwanza kwa Kiingereza. Kazi hii huchukua muda, na bila hiyo usajili wako unaweza kukwama hata kama umeshalipa ada. Ianze kabla hujaamua chuo, kwa sababu utaihitaji popote uendapo.

Vyuo vyote viwili hufundisha kwa Kiingereza. Kama ulisoma kwa Kifaransa, tafuta masomo ya Kiingereza katika miezi hii ya kusubiri.

Nifanye nini kabla ya kuondoka makazini?

Pita ofisi ya OPM, yaani Ofisi ya Waziri Mkuu, ueleze kwamba unaenda masomoni, na uonyeshe barua ya chuo. Uliza barua ya safari unayohitaji, na uliza itakuwaje kwa jina lako wakati wa uhakiki na ugawaji wa misaada. Usiondoke kimya. Hakikisha kitambulisho chako cha mkimbizi hakijaisha muda.

Kama familia yako iko kwenye mpango wa kuhamishiwa nchi ya tatu, weka matokeo ya kila muhula, yenye mhuri, mahali salama. Ukiondoka katikati ya masomo, karatasi hizo ndizo zitakazokusaidia kuendelea kwingine.

Kwa vijana wa jamii wenyeji

Raia wa Uganda mna njia mbili ambazo wakimbizi hawana. Ya kwanza ni nafasi za ufadhili wa serikali, zikiwemo zile za mgao wa wilaya. Ya pili ni mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa elimu ya juu. Mkopo unalipa ada, lakini si chumba na chakula, na baadaye utarudishwa. Kwa hiyo hata kwenu hesabu ya mji wa kuishi ni muhimu.

Na kama bado sijaamua?

Chukua karatasi, ujibu maswali haya kwa kila chuo. Je, hili ndilo somo ninalolitaka? Jumla ya miaka yote ni kiasi gani, na fedha iliyo na uhakika ni kiasi gani? Nikikosa muhula mmoja, nani atanipokea? Nimezungumza na mwanafunzi anayesoma hapo somo hilo hilo sasa? Chuo kilichojibiwa vizuri zaidi ndicho chako, hata kama jirani atashangaa.

Kama fedha haitoshi popote, andikia chuo ulichokichagua uulize kama inawezekana kuahirisha kuanza, kabla ya tarehe ya mwisho kupita. Ukikaa kimya, nafasi hupotea.

Wapi nipate msaada?

Fika kwenye dawati la elimu la UNHCR au la shirika la elimu lililo karibu nawe. Unaweza pia kupiga simu ya bure ya mashirika nchini Uganda, 0800 323 232, ueleze kwamba unahitaji ushauri wa elimu ya juu. Nenda na barua zote mbili na karatasi zako za ada.