Aliyejiajiri na deni la saa: Kwa nini fundi husema ‘njoo kesho’

MTU anayeacha kazi ya ajira na kufungua shughuli yake mwenyewe hufurahia jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni kuondokana na bosi. Hakuna tena kitabu cha mahudhurio mlangoni, wala mkubwa anayetazama saa yake mfanyakazi anapoingia amechelewa.

Furaha hiyo ni ya haki. Hata hivyo, miezi michache baadaye wengi hugundua kwamba bosi waliyemkimbia alikuwa akifanya kazi moja ambayo haikuonekana kwa urahisi: alikuwa akiwapangia siku.

Katika jiji kama Dar es Salaam, mfano ulio karibu zaidi wa jambo hili ni fundi cherehani. Karibu kila familia ina kisa chake. Kitenge kilipelekwa wiki tatu kabla ya harusi, vipimo vikachukuliwa, kianzio kikalipwa, na asubuhi ya sherehe gauni bado halina mikono. Mteja huondoka akiamini kwamba ametapeliwa.

Mara nyingi hakutapeliwa. Aliwekwa kwenye foleni ambayo fundi mwenyewe hakuwahi kuihesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Fundi anayefungua banda lake saa 2:00 asubuhi na kulifunga saa 12:00 jioni hudhani kwamba ana saa 10 za kazi. Kutokana na hizo, aondoe muda wa chakula na sala, muda wa kupima wateja wapya na kuwajaribisha wa zamani, safari ya kufuata zipu na bitana Kariakoo, simu, salamu za wapita njia, na umeme unapokatika. Akibakiwa na saa sita za kukaa kwenye cherehani, hiyo ni siku njema.

Sasa ichukuliwe kwamba Jumatatu asubuhi fundi huyo ana magauni 10 ya kicheni pati ya Jumamosi, na kila gauni lahitaji saa nne. Kazi iliyo mbele yake ni ya saa 40. Hadi Ijumaa jioni ana siku tano, yaani saa 30. Kabla hajatia uzi kwenye sindano, tayari anadaiwa saa 10.

Deni hilo hulipwa usiku. Tatizo ni kwamba kazi ya usiku hukosewa, na kazi iliyokosewa hurudi kufumuliwa na kushonwa upya, hivyo deni huongezeka badala ya kupungua. Fedha nazo hufuata mkondo huo huo: kianzio cha mteja wa wiki hii hununua bitana ya mteja wa wiki iliyopita. Hapo fundi hawezi tena kukataa kazi mpya hata akiwa amelemewa, kwa sababu bila kianzio kipya kazi ya zamani haitamalizika.

Matokeo yake ni foleni inayoongozwa na kelele. Anayekuja kugomba ndiye anayeshonewa kwanza, na mteja mstaarabu anayesubiri kwa heshima huwa wa mwisho. Ni utaratibu wa ajabu, maana humfukuza mteja mwema na kumlea mgomvi.

Kwa nini mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi aendelee kukosea makadirio ya kazi yake mwenyewe? Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza jambo hili mwaka 1979. Walionyesha kwamba mtu anapokadiria muda wa kazi huitazama kazi iliyo mbele yake na kuiona ikienda vizuri hatua kwa hatua. Hatazami kazi kama hiyo zilizopita na muda zilizochukua.

Mwaka 1994 watafiti Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada waliokuwa wakiandika tasnifu zao. Kwa wastani wanafunzi hao walikadiria kwamba wangemaliza kwa siku 34 hivi. Walichukua zaidi ya siku 55. Waliomaliza ndani ya muda waliojiwekea hawakufika hata theluthi moja.

Kwa hiyo fundi anayesema “njoo kesho” si lazima awe mwongo. Huenda anaiamini kesho hiyo kwa dhati kama mwanafunzi wa Kanada alivyoiamini tasnifu yake. Dawa inayotokana na utafiti huo ni ya kawaida sana: kuandika muda halisi uliotumika kwa kila kazi, kisha kuahidi kwa kufuata maandishi hayo, si kwa kufuata matumaini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na saa ni mali. Wengi waliojiajiri wana daftari tayari, ila limepangwa vibaya. Kurasa zake hufuata majina ya wateja: mama fulani, gauni moja, kianzio kiasi fulani, amebakiza kiasi fulani. Daftari la namna hiyo humwonyesha fundi nani anadaiwa. Halimwonyeshi kama Alhamisi imejaa.

Linalofaa zaidi ni kaunta buku ambayo kila ukurasa ni siku moja. Kazi inapopokelewa huandikwa kwenye siku itakayofanyiwa, pamoja na saa inazohitaji. Saa sita zikitimia, ukurasa umejaa na mteja anayefuata huandikwa ukurasa wa pili. Fundi hahitaji kujieleza sana. Anaweza kumgeuzia mteja daftari aone mwenyewe. Ni vizuri pia ukurasa mmoja kwa wiki uachwe mtupu, kwa ajili ya mgawo wa umeme, msiba au cherehani kuharibika, mambo ambayo hakuna anayejua yatakuja lini lakini kila mtu anajua kwamba yatakuja.

Jambo moja dogo huharibu miadi mingi kuliko inavyodhaniwa. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa asubuhi, ilhali simu huonyesha saa ya kimataifa. Mteja anayeandika kwenye ujumbe wa simu “nakuja saa 8” aweza kuwa na maana ya mchana baada ya chakula, au ya asubuhi banda likiwa limefunguliwa punde. Neno “mchana” au “asubuhi” likiongezwa, nusu siku huokolewa.

Namna ya kufanya kazi nayo ina nafasi yake. Fundi anayemaliza gauni moja toka kukata hadi kupiga pasi, kisha akaanza jingine, hubadilisha uzi, meza na mawazo mara nyingi kwa siku. Anayekata nguo zote asubuhi na kushona pamoja zenye uzi wa rangi moja hupata saa ambazo hakujua kwamba anazipoteza. Vivyo hivyo kwa Kariakoo: safari moja kwa wiki yenye orodha iliyoandikwa hushinda safari nne za zipu moja moja, hasa kwa foleni za barabara za Dar es Salaam.

Simu ni mtihani mwingine. Haiwezekani kuizima, kwa kuwa ndiyo duka na ndiyo benki. Linalowezekana ni kuijibu kwa vipindi, kwa mfano saa 6 mchana na saa 11 jioni, na kuwaarifu wateja mapema.

Ushauri huu wote una upungufu ambao vitabu vingi vya biashara huupita kimya. Huchukulia kwamba mtu anaimiliki siku yake. Mwanamke anayeshonea nyumbani, na hao ni wengi mjini, haimiliki. Kwa majirani na hata kwa wa nyumbani kwake, aliyeko nyumbani hayuko kazini. Ataagizwa kupokea maji, atawekewa watoto wa wifi “kwa dakika chache”, ataitwa kwenye kila kikao cha shughuli kwa kuwa eti ana nafasi. Kumwambia mtu huyo atenge saa sita mfululizo ni kumdhihaki.

Kinachomsaidia ni kuzitenganisha kazi kwa aina. Ziko kazi zinazovumilia kukatizwa: kushona vifungo, kupinda kwa mkono, kutarizi, kuandika hesabu. Ziko zisizovumilia, na kukata kitambaa ni ya kwanza, kwani mkasi ukikosea hakuna marekebisho. Za aina ya pili ziwekwe kwenye saa mbili au tatu ambazo nyumba nzima imekubaliana, pengine watoto wakiwa shuleni, na makubaliano hayo yafanywe kwa maneno ya wazi, mume akiwapo. Bila mume kusaidia kuyalinda, wifi hatayaheshimu.

Mwaka nao una ukurasa wake. Januari ni ya sare za shule. Desemba ni ya Krismasi na harusi. Sikukuu ya Idi el Fitri haina mwezi maalumu, maana mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko wa kalenda ya kawaida. Mwaka 2025 iliangukia mwishoni mwa Machi, na kila mwaka husogea nyuma. Ifikapo 2030, Ramadhani inatarajiwa kuanza mara mbili ndani ya mwaka mmoja, Januari na tena mwishoni mwa Desemba, wakati ule ule wa sare za shule. Fundi asiyefunga daftari la oda wiki mbili kabla ya sikukuu atakuwa na mkesha wa lazima.

Yako pia madeni ya muda ambayo si ya wateja. Kwa mlipakodi ambaye mwaka wake wa mahesabu huishia Desemba, kodi ya makadirio hulipwa Mamlaka ya Mapato Tanzania kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Tarehe hizo ziandikwe daftarini kama oda nyingine yoyote, na nusu siku itengwe kabla yake kwa ajili ya risiti.

Mapumziko ndiyo husahauliwa kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Aliyejiajiri hana wa kumlipa, hivyo malipo hayo hayana budi kutoka kwenye bei zake mwenyewe. Siku 28 ni wiki nne. Wiki 48 zinazobaki ndizo zitakazozilisha hizo nne, yaani sehemu moja kwa kila sehemu 12. Gauni ambalo ufundi wake ni shilingi 24,000 litozwe 26,000, na hizo 2,000 ziwekwe kando mpaka banda litakapofungwa kwa likizo.