CHANJO: USIHESABU MAGUNIA BILA KUULIZA EKARI



Katika mkutano wa akina mama hivi karibuni, mama mmoja alisimama akasema, "Sisi Wakenya ni wa mwisho siku zote. Wakati wa Korona nilisikia kwa redio ati Wajapani wengi wamechanjwa, na sisi hata nusu hatujafika." Wengine wakainamisha vichwa.

Hebu tuangalie jambo hili kama wakulima. Jirani yako amevuna magunia 20, wewe 12. Ni nani mkulima bora? Huwezi kujibu kabla hujauliza ekari ngapi. Kama yeye alilima ekari mbili na wewe moja, basi wewe umemshinda. Chanjo nazo ni vivyo hivyo. Ukisikia nchi mbili zikilinganishwa, uliza maswali matatu.

1. Ni kati ya watu gani?

Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6 hapa Kenya. Kati ya kila watu 100, karibu 39 walikuwa chini ya miaka 15. Japani walikuwa karibu 12 tu. Chanjo ya Korona ilipoanza kwetu Machi 2021, ilikuwa ya watu wazima, na serikali ililenga kama milioni 27. Sasa piga hesabu: hata kama kila mmoja wao angedungwa, tungefika 57 kwa mia ya watu wote. Shirika la Afya Duniani lilitaka kila nchi ifike 70 kwa mia kufikia katikati ya 2022. Tungeambiwa tumeshindwa, na hali hakuna mtu mzima aliyebaki!

Sisemi tulikuwa sawa na Japani. Hatukuwa. Chanjo zilitufikia kidogo kidogo, kwani nchi tajiri zilikuwa zimeagiza nyingi mapema. Lakini sehemu ya tofauti ile ilikuwa ni watoto wetu wengi, siyo uvivu.

2. Ni sindano au ni watu?

Sindano 100 zaweza kuwa watu 100, au watu 50 waliodungwa mara mbili. Kwa surua, mtoto wa Kenya hudungwa akiwa na miezi 9, tena miezi 18. Nchi moja ikitaja sindano ya kwanza na nyingine ikitaja ya pili, hapo hakuna mashindano ya haki. Wengi huanza, lakini si wote humaliza.

3. Hesabu imetoka wapi?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua sindano zilizoandikwa kituoni na kuzigawanya kwa idadi ya watoto inayokadiriwa. Ya pili ni kwenda nyumbani, kuangalia kadi na kuuliza mama. Majibu huweza kutofautiana sana. Ndiyo maana kila mwaka Shirika la Afya Duniani na UNICEF hupima habari zote mbili kabla ya kutoa makadirio ya kila nchi.

Miaka kadhaa iliyopita niliona chati kwenye ukuta wa kituo kimoja: surua, 104 kwa mia. Tukafurahi. Baadaye watoto wakaugua surua kijijini petu. Ilikuwaje? Akina mama wa lokesheni jirani walileta watoto wao pale kwa sababu ni karibu. Sindano zao zilihesabiwa, watoto wao hawakuwa katika makadirio. Wale wetu ambao hawajadungwa wakafichwa na hesabu nzuri. Surua huambukiza upesi mno; huhitaji watoto kama 95 kati ya 100 wapate sindano zote mbili ndipo izuiliwe.

Kwa hivyo, hesabu mbaya hutuaibisha bure, na hesabu nzuri mno hutulaza usingizi. Zote mbili humwumiza mtoto.

Kikundi chenu chaweza kuanza wiki hii. Gawaneni nyumba. Kwanza hesabuni watoto wote wa chini ya miaka mitano, hata wa wageni waliohamia. Halafu ombeni kuona kadi za kliniki. Kama watoto ni 40 na 30 wamemaliza sindano za umri wao, hiyo ni 75 kwa mia. Wale 10 waliobaki mnawajua kwa majina. Wapelekeni.

Maswali ya kujadili:
- Ni watoto gani kijijini kwetu ambao hawahesabiwi na mtu yeyote?
- Mama akikosa kadi, kikundi kitamsaidiaje bila kumwaibisha?