Mtoto alilala kwa nani?

Msimu wa kodi ukifika Marekani, malalamiko ya baba aliyeachana na mkewe huwa ni yale yale: matunzo ya mtoto analipa kila mwezi, hakimu ameshasema mwaka huu ni zamu yake kumweka mtoto kwenye ritani, mbona IRS, mamlaka ya kodi ya huko, wamemkatalia? Ni kwa sababu IRS hawaangalii nani anatoa hela. Wanaangalia mtoto alilala kwa nani.

Mzazi ambaye mtoto amelala kwake usiku mwingi zaidi ndiye mlezi kwa macho ya kodi. Katika mwaka wa siku 365, usiku 183 unatosha. Ikitokea wamelingana, mlezi ni mwenye kipato kikubwa. Anayefanya zamu za usiku huhesabiwa siku alizokaa na mtoto badala ya usiku. Siku za shule, anwani iliyoandikishwa shuleni ndiyo huamua.

Asiyekaa na mtoto naye ana nafasi, ila ufunguo anao mwenzake: Fomu 8332. Mlezi husaini, mwenzake huiambatanisha na ritani yake. Kuoana si sharti. Inatosha wawe wametengana makazi miezi 6 yote ya mwisho ya mwaka, mtoto akae nao, kwa mmoja au kwa wote, zaidi ya nusu mwaka, na zaidi ya nusu ya matumizi yake itoke kwao. Hukumu ya talaka iliyotolewa baada ya 2008 haishiki nafasi ya fomu hiyo. Mama akiamriwa asaini akagoma, baba arudi kwa hakimu. IRS hawaamui ugomvi huo.

Kwa sahihi hiyo baba hupata nafuu ya kodi ya mtoto, hadi dola 2,200 kwa mwaka 2025, mradi mtoto hajafikisha miaka 17 mwaka unapoisha na ana namba ya Social Security. Basi. Hadhi ya mkuu wa kaya, nafuu ya wenye kipato kidogo (EITC) na ile ya gharama za kulelewa mtoto wazazi wakiwa kazini haziendi naye. Akiwa na sifa zake, mama hubaki nazo. Naona kina mama wengi hugoma kusaini kwa kudhani wanatoa vyote, na kina baba wengine hujaza vyote kwa kudhani wamepewa vyote, kisha barua za IRS zinaanza kuingia.

Ushauri wangu kwa mlezi: saini mwaka mmoja mmoja. Fomu inaruhusu kuachia hata miaka yote ijayo, na kuitengua kunachelewa. Ukimpa mwenzako taarifa ya kutengua Machi 2026, ritani ya mwaka huo bado ni yake. Wewe unaanza na ya mwaka 2027, ambayo utaifaili 2028.