Je, Wajua? Kanzidata ya Duka Lako Imo Tayari Kwenye Simu

Mwenye duka wa Makoongwe, ng'ambo ya bandari ya Mkoani, Pemba, hahitaji kununua seva wala kulipia huduma ya mtandaoni kila mwezi ili atunze madeni na mali yake. Wanaomshauri afanye hivyo wanamtia hasara bure. Kanzidata ya SQLite inamtosha, na imo katika kila simu ya Android.

Mwaka 2000, Mmarekani D. Richard Hipp alikuwa akitengeneza programu ya manowari. Programu ilitegemea seva ya kanzidata, na seva ikizima kazi husimama. Akaunda kanzidata isiyo na seva kabisa: data zote hukaa katika faili moja. Haina hakimiliki, haina ada.

Uzuri wake hasa uko kwenye uandishi. Tuseme mteja kakopa kilo mbili za mchele. Stoo ipungue, deni liongezeke: mambo mawili, na chaji inaweza kuisha katikati. SQLite hugawa faili katika kurasa, kwa kawaida za baiti 4,096. Kabla ya kugusa ukurasa, huunakili ulivyo katika faili la pembeni, kisha ndipo iandike mapya. Ikimaliza, hulifuta lile la pembeni, na hapo tu ndipo deni huhesabika kuwa limeandikwa. Simu ikizimika kabla, siku ya kuwashwa programu hulikuta faili la pembeni bado lipo, ikarudisha kurasa za zamani. Mradi programu imeyaandika yote mawili kama tendo moja, mchele hauwezi kupungua stoo bila deni kuonekana. Pemba ilivutiwa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, lakini kukatika bado kupo, na ulinzi huu una thamani kubwa kwetu.

Lakini SQLite hailindi data za simu iliyotumbukia baharini wakati wa kuvuka. Inaniuma kuona vijana wanafundishwa kompyuta bila kufundishwa kunakili faili moja kwenye kadi na kuiacha nyumbani. Madeni ya mwaka mzima hupotea hivyo.

SQLite ina mpaka mwingine: anayeandika ndani yake ni mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukifungua matawi Mkoani na Chake Chake yanayoandika pamoja kutwa, hamia PostgreSQL, kanzidata ya seva, nayo ni bure.

Kwingine SQLite imo kwenye WhatsApp, Firefox, Chrome, iPhone, televisheni, ving'amuzi, hata ndege za Airbus A350.