Mweusi Tititi, Mweupe Pepepe: Rangi na Uzazi wa Mbwa

Anayetafuta mtoto wa mbwa Nairobi huuliza maswali yaleyale, karibu kwa mpangilio uleule: ni aina gani, bei gani, dume au jike, na ana rangi gani. Mwenye boma Karen au Lavington anataka German Shepherd mweusi tititi, kwa kuwa anaamini mwizi humwogopa zaidi mbwa mweusi. Wa fleti ya Kilimani anataka Japanese Spitz mweupe pepepe. Siku hizi wapo pia vijana wanaotafuta Pit Bull au French Bulldog wa rangi inayotangazwa kama buluu, lilaki au merle, nao wako tayari kuongeza pesa juu ya bei ya kawaida kwa sababu wameambiwa rangi hiyo ni adimu. Anayeuliza habari za nyonga za mama, au kama baba na mama wa watoto hao ni ndugu wa damu, hapatikani kwa urahisi.

Wafugaji nao huniuliza mimi, daktari wao wa mifugo, kama wachague dume kwa kufuata rangi. Jibu langu lina pande mbili. Rangi nyingi hazimdhuru mbwa wala hazimfaidi, na kumchagua dume kwa sababu ya rangi hizo ni kupoteza nafasi ya kuchagua kitu cha maana. Lakini ziko rangi chache ambazo jeni zinazozileta zina kazi nyingine mwilini, na mfugaji asiyezijua atazalisha viziwi na vipofu bila kukusudia.

Rangi zote za mbwa hutokana na melanini za aina mbili tu: nyeusi, na ile ya manjano inayoweza kukolea ikawa nyekundu. Jeni ndizo zinazoamua ipi iende wapi na kwa kiasi gani. Ipo jeni inayoigeuza nyeusi kuwa kahawia, na hapo ndipo anapopatikana Labrador wa chokoleti. Nyingine huizuia nyeusi isiingie kabisa kwenye nywele, akatoka Labrador wa manjano. Jeni nyingi za namna hii ni fiche: mbwa huwa na nakala moja bila kuionyesha, na wazazi wawili weusi wenye nakala hiyo wanaweza kupata mtoto wa kahawia. Mara nyingi mwenye jike akiona hivyo hudai kuna dume wa jirani aliyeruka ua. Huenda ni kweli, lakini rangi peke yake si ushahidi.

Weupe ndio unaochanganya watu zaidi, kwa sababu mbwa huwa mweupe kwa njia mbili zisizohusiana. Chukua Japanese Spitz yeyote umwangalie kwa karibu. Pua yake ni nyeusi, kingo za macho ni nyeusi, na ukimfunua mdomo utaona midomo nayo ni myeusi. Mbwa huyu ana seli za melanini kila mahali. Nywele zake ni za ile rangi ya manjano, ila imefifishwa mpaka ikaonekana nyeupe. Samoyed ni vivyo hivyo, na German Shepherd mweupe pia. Masikio yao hayana hitilafu inayotokana na rangi.

Njia ya pili ni pale seli za rangi zinapokosekana kabisa. Kijusi kinapokua tumboni, seli hizo huanzia upande wa mgongo na kusafiri kushuka kuelekea tumboni, miguuni na puani. Zisipofika, ngozi ya hapo hubaki ya waridi na nywele huota nyeupe. Ndiyo maana mbwa wengi, hata wa kienyeji wa Kawangware na Kangemi, wana doa jeupe kifuani, kwenye vidole au kwenye ncha ya mkia: hizo ndizo sehemu za mwisho kufikiwa. Sasa, seli hizohizo zinahitajika ndani kabisa ya sikio, ambako husaidia kuweka sawa kemikali zinazoziwezesha seli za kusikia kufanya kazi. Zikikosekana huko, seli za kusikia hufa wiki chache tu baada ya mtoto kuzaliwa, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Mfano unaojulikana zaidi ni Dalmatian. Vipimo vilivyofanywa Marekani vilionyesha kwamba takriban 8 kati ya kila mbwa 100 wa aina hiyo ni viziwi wa masikio yote mawili, na wengine 22 ni viziwi wa sikio moja. Wenye macho ya buluu wamo hatarini zaidi. Wale wanaozaliwa na baka kubwa jeusi kichwani au sikioni wana nafasi nzuri zaidi ya kusikia, kwa sababu seli za rangi zilifika. Hata hivyo, kanuni za maonyesho zinalihesabu baka hilo kuwa kasoro, kwa hiyo kwa vizazi vingi wafugaji wamewaweka kando mbwa waliokuwa na masikio mazuri. Hapa kanuni ya rangi imefanya madhara, na naona ingefaa ibadilishwe.

Kiziwi wa sikio moja hawezi kutambuliwa nyumbani kwa kupiga makofi au kutikisa funguo, maana huitika kama wenzake. Kipimo cha uhakika ni cha mashine inayopima umeme wa ubongo sauti inapoingia sikio moja moja, na kinaweza kufanywa mtoto akiwa na umri wa wiki 5 hivi.

Merle ndiyo rangi inayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa soko lake linakua. Ni yale mabakabaka ya kijivu na meusi yasiyo na mpangilio, mara nyingi pamoja na jicho la buluu. Wanasayansi waliitambua jeni yake mwaka 2006. Nakala moja humpa mbwa rangi hiyo inayopendwa. Ukipandisha merle kwa merle, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata nakala mbili. Huyo mara nyingi huzaliwa karibu mweupe wote, na baadhi yao huwa na macho madogo yasiyokamilika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, merle wa nakala moja waliokuwa na uziwi, wa sikio moja au yote mawili, hawakufika 4 kati ya 100. Wa nakala mbili walikuwa 25 kati ya 100, na 15 kati ya hao walikuwa hawasikii kabisa. Kennel Club ya Uingereza haisajili watoto waliozaliwa na wazazi wawili wa merle, na kwa maoni yangu kila mfugaji wa Nairobi anapaswa kujiwekea sheria hiyohiyo hata kama hana mpango wa kumsajili mbwa wake popote.

Kuna mtego mmoja hapa. Jeni ya merle hugusa melanini nyeusi tu. Chihuahua wa rangi ya krimu au mwekundu anaweza kuwa nayo bila doa hata moja kuonekana. Ukimpandisha na merle kwa imani kwamba ni mbwa wa rangi ya kawaida, umepandisha merle kwa merle. Usalama uko kwenye kipimo cha jeni, ambacho kinahitaji kufuta tu ute wa ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba na kuupeleka maabara.

Ile inayoitwa buluu ni nyeusi iliyofifia ikawa kijivu cha chuma, na lilaki ni kahawia iliyofifia vivyo hivyo. Jeni inayosababisha hali hii ni fiche. Kwa mbwa wa nakala mbili, punje za melanini hazisambai sawasawa ndani ya unywele. Hukusanyika madongemadonge kama unga wa uji usiokorogwa. Wengine huishi salama: Weimaraner wote wana rangi hii na hawasumbuki sana. Lakini kwa Doberman, na kwa aina nyingine kadhaa, nywele za mgongoni huanza kukatika mbwa akiwa na umri wa miezi kadhaa hadi miaka mitatu, ngozi hukauka na kupata vipele na usaha mara kwa mara. Hali hiyo haiponi. Mwenye mbwa hununua shampuu na dawa mpaka mwisho wa maisha ya mnyama huyo. Anayeuza watoto wa buluu kwa bei ya juu wakiwa na wiki 8 huwa amemaliza biashara yake kabla ugonjwa haujaonekana.

Kuna madhara mengine yanayoletwa na namna tunavyoikimbilia rangi, hata pale jeni yenyewe inapokuwa haina neno. Mwaka 2018 watafiti wa Sydney na London walitoa matokeo ya uchunguzi wa kumbukumbu za Labrador zaidi ya 33,000 waliotibiwa Uingereza. Wa chokoleti waliishi miaka 10.7 kwa wastani wa kati, ilhali wa rangi nyingine waliishi miaka 12.1. Magonjwa ya masikio yalionekana kwa 23.4 kati ya kila 100 wa chokoleti, dhidi ya 12.8 kwa weusi. Maelezo waliyoyaona yanaelekea kuwa kweli ni haya: ili kupata watoto wa chokoleti ni lazima wazazi wote wawili wawe na jeni hiyo fiche, basi wafugaji wakawa wanachagua ndani ya kundi dogo, na magonjwa ya kundi hilo yakazunguka humohumo. Ndicho kitakachotokea kwa yeyote hapa Nairobi mwenye majike mawili na dume mmoja wa rangi adimu, kisha akaanza kupandisha binti kwa baba ili rangi isipotee.

Jirani zetu Wakongo wana kisa kinachoonyesha njia nyingine. Basenji, yule mbwa asiyebweka, alitoka misitu ya Kongo akapelekwa Ulaya na Marekani na kuzalishwa kutoka kwa mbwa wachache sana. Miongo ilipopita ukoo huo ukaelemewa na ugonjwa wa figo wa Fanconi na wa upungufu wa damu. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji Wamarekani walisafiri hadi kaskazini-mashariki mwa Zaire ya wakati huo, nchi ya Wazande, wakatafuta mbwa wa vijijini wanaotumika kuwinda. Baadhi yao walikuwa na milia myeusi juu ya wekundu, rangi ambayo kitabu cha nasaba cha Marekani hakikuwa nayo. Mwaka 1990 American Kennel Club ilikifungua kitabu hicho ikawaandikisha wageni 14, milia ikakubaliwa pamoja nao. Kama wangeng'ang'ania rangi za zamani, wangewaacha kijijini mbwa waliobeba damu mpya.

German Shepherd alikwenda kinyume. Mbwa wa kwanza kuandikwa katika kitabu cha aina hiyo mwaka 1899, Horand von Grafrath, alikuwa na babu mweupe upande wa mama. Lakini mwaka 1933 Ujerumani iliwapiga marufuku weupe, na nyakati hizo watu waliwalaumu kwa kila dhaifu aliyezaliwa. Nimeshaeleza kwamba weupe wao ni wa ile njia isiyo na madhara. Baadaye walipewa jina lao huko Uswisi, na shirikisho la kimataifa la FCI likawatambua kikamilifu mwaka 2011 kama aina ya peke yake.

Na ukali wa mbwa mweusi? Uchunguzi wa mwaka 1996 uliofanywa Uingereza kwa Cocker Spaniel ulikuta wekundu ndio wakali kuliko weusi. Hiyo ni aina moja tu, na mimi nisingeutumia kupanga lindo la nyumba yoyote. Mbwa wa ulinzi hujengwa na tabia ya wazazi wake na malezi ya wiki zake za mwanzo, wakati anapozoeshwa watu, sauti na mazingira. Kitu ambacho rangi inafanya kweli hapa kwetu ni suala la jua. Nairobi iko karibu na Ikweta, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na mbwa mweupe mwenye pua ya waridi na tumbo lisilo na nywele nyingi huungua, na miaka ikipita anaweza kupata saratani ya ngozi. Mpe kivuli mchana. Usimfunge mnyororo uani.

Kama unakusudia kupandisha, anza na picha za eksirei za nyonga kwa mbwa wa aina kubwa. Muulize daktari wako wa mifugo, au waulize Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoko Kabete. Uliza nasaba ya dume mpaka babu na nyanya. Mtazame akiwa na watu wasiomjua. Mbwa wawili wakilingana katika hayo yote, hapo chagua rangi unayoipenda. Kama huna haja ya kuzalisha na unataka mwenzi tu, mbwa wa kienyeji wana utajiri wa jeni ambao aina nyingi za kigeni zimeupoteza. Utafiti wa mwaka 2009 uliohusisha mbwa wa vijijini wa Uganda, Misri na Namibia ulilithibitisha hilo, na katika makazi ya wanyama ya KSPCA pale Karen wapo wengi wanaosubiri nyumba.

Anayekuuzia mtoto wa mbwa kando ya barabara bila kukuonyesha mama yake, mpite. Anayekuuzia merle, muulize rangi ya wazazi wote wawili na umtake cheti cha kipimo. Na wewe uliye na dume na jike wa merle katika ua mmoja, mpeleke mmoja wao akafungwe uzazi kabla jike hajaingia kwenye joto tena.